Mlio wa tahadhari wa Windows: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Anayeandika programu ya duka au ya zahanati kwa lugha ya C# hufika mahali akataka kompyuta ilie pale mtumiaji anapokosea. Mstari mmoja unamtosha: SystemSounds.Exclamation.Play(). Dhana potofu zinazozunguka mstari huo ni nyingi, na kubwa kuliko zote ni kuamini kwamba programu ndiyo inayochagua sauti.

Dhana: Msimbo uko sawa lakini sauti haitoki, basi kompyuta ni mbovu.

Anayesumbua hapa hasa ni SystemSounds.Question. Mtu anabonyeza kitufe, kimya. Anakagua spika, anaongeza sauti, anasakinisha upya kiendeshi, bado kimya. Ukweli ni kwamba msimbo hautaji sauti, unataja tukio. Matukio yenyewe ni matano: Asterisk, Beep, Exclamation, Hand na Question. Windows hupokea jina la tukio, kisha huangalia mpangilio wa sauti wa mtu aliyeingia kwenye kompyuta wakati huo, uliohifadhiwa kwenye rejista (hazina ya mipangilio ya Windows) chini ya HKEY_CURRENT_USER\AppEvents, ili kujua tukio hilo limepewa faili gani ya sauti ya WAV. Katika mpangilio wa kawaida wa Windows 10, Question haikupewa faili yoyote. Hakuna kilichoharibika.

Na ndivyo inavyofaa kuwa. Muuguzi wa zamu ya usiku aliyezima sauti zote za Windows ana sababu yake, na programu inayolazimisha mlio wake masikioni mwa wagonjwa waliolala inamkosea adabu. Ukitaka kujua tukio gani lina sauti gani, fungua mipangilio ya sauti kwenye Paneli ya Kudhibiti uyajaribu moja moja. Utagundua pia kwamba matukio kadhaa yanaweza kutumia faili ileile, kwa hiyo usitegemee mtumiaji atofautishe onyo na taarifa kwa sikio tu.

Dhana: Njia zote za kupiga mlio ni sawa.

Hapana. SystemSounds hupitia MessageBeep, amri iliyo ndani ya user32.dll, maktaba ya Windows yenyewe, ambayo huweka sauti kwenye foleni na kurudi papo hapo. Programu inaendelea na kazi. Console.Beep yenye vipimo vya masafa na muda ni kitu kingine kabisa. Hiyo huunda toni kwa masafa unayotaja, kuanzia 37 hadi 32,767 Hz, na husubiri hadi toni iishe. Ukiandika Console.Beep(1000, 5000), yaani Hz 1,000 kwa milisekunde 5,000, ndani ya kitufe cha dirisha, dirisha linaganda sekunde 5 nzima, na mtumiaji ataapa kwamba programu imekwama. Ukihamishia msimbo huohuo Linux au macOS, hautalia: utatupa kosa la PlatformNotSupportedException.

Dhana: Dirisha la ujumbe linahitaji kuongezewa mlio.

MessageBox yenye alama ya onyo hulia yenyewe inapofunguka. Ukitanguliza SystemSounds, unapiga mlio mara mbili bure.

Dhana: Mlio ukisikika, ujumbe umefika.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linawaacha watu nje. Kuna mtumiaji kiziwi, kuna kompyuta za ofisini zisizo na spika, kuna duka lililo kando ya barabara yenye kelele. Windows ina mpangilio wa ufikivu unaoweza kumulika skrini nzima, au dirisha lililo wazi, kila tahadhari inapolia, lakini mmuliko huo hauelezi kosa ni lipi. Andika kosa kwa maneno kando ya kisanduku chenye tatizo, peleka kishale hapohapo, halafu ndipo uite mlio. Ukijaribu programu yako, zima sauti kabisa na uone kama bado unaweza kumaliza kazi bila kubahatisha.