Mdudu anayekunywa damu na kukojoa papo hapo: maswali kuhusu homoni zake na ugonjwa wa Chagas

Ugonjwa wa Chagas unaambukizwaje?

Wengi hudhani kimelea chake huingia na mate ya mdudu, kama malaria. Sivyo. Trypanosoma cruzi, jamaa wa kimelea cha malale, huishi utumboni mwa mdudu na kutoka kwa kinyesi na mkojo. Mdudu mwenyewe, jamii ya kunguni wakubwa wenye mabawa, hupatikana hasa Amerika ya Kusini na ya Kati. Hujificha kwenye nyufa za kuta na mapaa ya makuti, usiku akatoka kuuma watu usoni. Wabrazili humwita *barbeiro*, yaani kinyozi. Akishiba hukojoa palepale, na aliyelala hujikuna, akausukumia uchafu ule kwenye kidonda, jicho au mdomo. Daktari Carlos Chagas aliueleza ugonjwa huu mwaka 1909 huko Lassance, Brazili.

Mbona hasubiri arudi mafichoni ndipo akojoe?

Amejaa kupita kiasi. Rhodnius prolixus, mojawapo ya spishi za wadudu hawa, akiwa mchanga wa hatua ya tano, ya mwisho kabla ya kuota mabawa, anaweza kunywa damu mara 10 ya uzito wake. Ni kama mtu wa kilo 60 anywe kilo 600! Akibaki na mzigo huo hakimbii, na anayeshindwa kukimbia huliwa au hupondwa. Anachotaka ni chembe nyekundu zenye protini. Maji na chumvi ya utegili, yaani majimaji ya damu, ni mzigo tu. Kwa hiyo ndani ya saa tatu hivi hutoa karibu nusu ya alichokunywa.

Homoni zinafanya nini hapo?

Anapoanza kunyonya, homoni iitwayo serotonini humwagika kwenye damu yake kutoka kwenye neva. Kwanza hulegeza ngozi ya tumbo ili itanuke. Wadudu waliopunguzwa serotonini maabara walikunywa damu kidogo kuliko wenzao. Kisha serotonini, ikishirikiana na homoni nyingine ya kuongeza mkojo, huamsha mirija minne ya Malpighi, ambayo kwa mdudu ndiyo figo. Mirija hiyo huongeza kasi ya kutoa majimaji hadi mara 1,000 hivi.

Sehemu ya juu ya mrija huvuta sodiamu, potasiamu na kloridi, na maji yakafuata chumvi. Sehemu ya chini hurudisha potasiamu na kloridi mwilini bila kurudisha maji. Ndiyo maana mkojo ni maji yenye chumvi ya sodiamu, na potasiamu anayoihitaji haipotei.

Breki nayo ipo: homoni ya CAPA huizima mirija kazi ikiisha. Vipokezi vyake, yaani sehemu za chembe zinazoipokea homoni hiyo, vikinyamazishwa, mdudu huendelea kupoteza maji.

Hayo yananihusu nini kiafya?

Mkojo huo husafisha utumbo wa nyuma, pale vimelea vilivyokomaa vinapokaa, na kuvimwaga juu ya ngozi. Spishi zinazochelewa kujisaidia hadi ziondoke juu ya ngozi ya mtu huambukiza kwa shida zaidi.

Ukiishi au kusafiri huko, lala ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, ziba nyufa kwa lipu, na usilaze kuku au mbwa chumbani. Ukimkuta mdudu juu yako usimponde wala usijikune: mshike kwa glavu au mfuko wa plastiki, umtie kwenye chupa umpeleke kituo cha afya, kisha osha ngozi kwa sabuni na maji. Chakula na juisi vifunikwe, kwani vikichafuliwa vinaambukiza pia; Caracas mwaka 2007 juisi ya mapera iliwaambukiza watu wengi wa shule moja.

Kope la jicho moja likivimba, au homa ikifuata, wahi hospitali. Dawa za benznidazole na nifurtimox hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema. Asilimia 20 hadi 30 ya walioambukizwa hupata madhara ya moyo miaka mingi baadaye, nao huenda hawakuwahi kujua kwamba waliumwa.

Mbu wa kwetu naye hukojoa?

Ndiyo, tena Anopheles, mbu wa malaria, huanza akiwa bado ananyonya. Homoni yake humtaka atoe sodiamu upesi, na matone yake mara nyingine hutoka mekundu kwa damu yako mwenyewe. Lakini malaria hupitia mate, si tone hilo. Virusi vya UKIMWI navyo haviongezeki ndani ya mbu. Humeng'enywa pamoja na damu. Tone ukilikuta kwenye ngozi, lifute tu.