Anajua jina la kila tunda, mbona hawezi kunitajia matunda?

Wazazi wengi wa Tanga wenye watoto walio kwenye tiba ya tabia (mazoezi ya kumfundisha mtoto stadi hatua kwa hatua), hasa watoto wenye usonji (autism), hukwama mahali pamoja: mtoto anajua majina ya vitu, lakini hawezi kuvitaja kwa makundi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara kwa mara, na majibu yake.

Mwanangu ana miaka mitano. Nikimwonyesha embe anasema "embe", nikimwonyesha ndizi anasema "ndizi". Nikimwambia "nitajie matunda" ananitazama tu, au anarudia "matunda". Ni ukaidi?

Hapana mama, si ukaidi wala uvivu. Unamwomba kazi mbili tofauti. Ukimwonyesha embe, analiona, na kule kuliona ndiko kunakomtoa neno. Ukimwambia "nitajie matunda" hakuna cha kuona. Ana maneno yako tu, na maneno hayo ndiyo yanayotakiwa kumkumbusha maneno mengine. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alieleza mwaka 1957 kwamba kutaja kitu unachokiona, kuomba kitu unachokitaka na kujibu maneno ya mtu ni tabia tatu tofauti, hata kama neno linalotamkwa ni lilelile. Ndiyo maana mtoto anaweza kusema "embe" vizuri mbele ya embe, na asiweze kulisema anapoulizwa kwa maneno matupu.

Watoto wengi huanza kujibu maswali ya namna hii wakiwa na miaka 3 hadi 4 bila kufundishwa rasmi. Mtoto mwenye usonji mara nyingi anahitaji afundishwe kila kazi peke yake. Hata "embe ni nini?" (ni tunda) na "nitajie tunda" (embe) usidhani kwamba akijua moja amejua na la pili. Mjaribu kwa yote mawili.

Kuna faida gani? Si bora ajue kusoma na kuandika?

Mazungumzo ya kila siku yamejaa makundi. "Unataka kinywaji gani?" "Kavae nguo." "Shuleni leo mmecheza mchezo gani?" Mtoto asiyeweza kujibu hayo hukaa pembeni wenzake wanapozungumza. Halafu kuna viungo vya mwili, ambavyo navyo ni kundi: anayeweza kujibu "unaumwa wapi?" anamsaidia sana daktari.

Nianzie wapi nyumbani?

Anza na vitu ambavyo tayari anavijua kwa majina. Kama hajui kusema "chungwa" anapoliona chungwa, kundi lisubiri. Chagua makundi mawili yaliyo mbali kabisa, kama matunda na nguo. Matunda na mboga ni makundi jirani mno kwa kuanzia, yatamchanganya.

Tandika mkeka, weka nyungo mbili. Mpe chungwa, ndizi, soksi, kofia, kimoja kimoja, apange: matunda huku, nguo kule. Kila anapoweka, aseme jina la kitu na la kundi lake: "Chungwa. Tunda." Kisha mgeuzie: "Nionyeshe nguo." Kisha mshikie kofia: "Hii ni nini? Ni kundi gani?"

Wengi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafundisha watoto wa chekechea wasio na tatizo lolote la ukuaji kutaja jina la kitu pamoja na kundi lake, na kuchagua picha sahihi. Watoto walipoulizwa "nitajie", majibu yaliongezeka kidogo tu. Yaliongezeka sawasawa pale walipofundishwa swali lenyewe moja kwa moja. Kama ilikuwa hivyo kwa watoto wale, usimlaumu wako.

Kwa hiyo fundisha "nitajie" yenyewe. Funika ungo wa matunda kwa kanga.

"Nitajie tunda."

Kimya. Hesabu moyoni moja hadi tatu, kisha inua pindo la kanga, chungwa lichungulie.

"Chungwa!"

"Ehee! Chungwa ni tunda!" Na papo hapo apate anachokipenda: kubebwa, kurushwa juu, kipande cha lile chungwa.

Usiondoke hapo. Rudisha kanga, uulize tena sasa hivi: "Nitajie tunda." Safari hii usiinue. Akisema "chungwa" bila kuliona, hilo ndilo jibu unalolitafuta, na hapo ndipo furaha yako izidi. Siku zinavyokwenda, subiri muda mrefu zaidi kabla ya kuinua pindo, na uliinue kwa kiasi kidogo kuliko jana, mpaka kuinua kusihitajike tena. Kwa mtoto mwingine picha hufaa, au kumnong'onezea silabi ya kwanza, "chu...". Kidokezo chochote utakachotumia, panga mapema namna ya kukiondoa, maana mtoto huzoea kukisubiri.

Sasa anasema "embe, ndizi, chungwa" kila siku, kwa mpangilio uleule. Hata nikimwuliza nguo, jibu ni "embe, ndizi, chungwa".

Huyo amekariri orodha, hajajifunza kundi. Inatokea sana tunapofundisha kundi moja peke yake kwa muda mrefu: mtoto anaacha kusikiliza neno la mwisho la swali, kwa sababu jibu ni lilelile siku zote. Dawa yake ni kuchanganya. Uliza tunda, kisha nguo, kisha jina lako nani, kisha tunda tena. Akikosea, usimgombeze. Mpe kidokezo, ajibu sawasawa, muulize kitu kingine rahisi, kisha rudi kwenye swali lile.

Badilisha na maneno ya swali: "Matunda gani unayajua?" "Sokoni kuna matunda gani?" Badilisha muulizaji, leo dada yake, kesho baba. Akitaja tunda ambalo hakulitaja jana, shangilia kuliko kawaida. Akirudia yaleyale, "sawa" inatosha. Kwa namna hiyo anaona kwamba jibu jipya lina thamani.

Mimi sizipendi chati za ukutani zenye tufaha, peasi na stroberi kwa mtoto wa Makorora ambaye hajawahi kuzila. Machungwa ya Muheza yapo, mafenesi yapo, nanasi lipo. Nenda naye soko la Mgandini, ashike, anuse, ataje. Kwenye samaki tumia changu, kibua na dagaa anaowaona wakioshwa nyumbani. Kama kwenu pweza anahesabiwa pamoja na samaki, mwache hivyo kwa sasa. Somo la sayansi atalikuta shuleni.

Kwa mtoto mwenye maneno mengi kidogo kuna mbinu nyingine: "Fumba macho. Umeingia jikoni kwa bibi. Unaona nini?" Sufuria, mwiko, kinu, kifumbu, vinakuja kimoja kimoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafundisha watoto wa shule ya awali kujenga picha kichwani namna hiyo. Kujua mbinu peke yake hakukutosha. Majibu yaliongezeka sana walipoelekezwa kuitumia wakati wa kuulizwa, kwa hiyo mkumbushe kila mara.

Ndizi nimwambie ni tunda au ni chakula cha kupika?

Mwanzoni kundi moja tu, lile analolijua zaidi. Makundi mawili kwa kitu kimoja, na maswali yenye masharti kama "nitajie mnyama mwenye pembe", yaje baadaye, kwa sababu hapo anatakiwa kushika maneno mawili ya swali kwa pamoja. Akijibu "kuku", alisikia "mnyama" akaiacha "pembe".

Bibi yake anazungumza naye Kidigo, mimi Kiswahili. Nimzuie bibi?

Usimzuie. Lugha mbili hazisababishi usonji, na mtoto anahitaji lugha ya watu wanaomlea. Katika vipindi vya mazoezi tumieni lugha moja mpaka kundi likae, kisha bibi naye amuulize kwa Kidigo.

Babu yake anasema tunamdekeza, bakora ingemfundisha.

Shikamoo babu, lakini hapana. Bakora haimfundishi mtoto neno asilolijua, inamfundisha kuogopa mkeka na kuogopa swali. Wala asinyimwe chakula ili "ajitahidi". Dakika tano hadi kumi zinatosha kwa kipindi, mara mbili tatu kwa siku, na akionyesha kuchoka au akikusukuma mkono, pumzikeni. Kulia ni taarifa: pengine swali ni gumu mno au kidokezo kimeondolewa mapema. Rudi hatua moja nyuma.

Wangu hasemi kabisa. Haya yanamhusu?

Yanamhusu. Kupanga anaweza, na "nitajie" anaweza kuijibu kwa kukupa kadi za picha au kwa ishara. Kadi hazimzuii kusema baadaye. Kabla ya yote apimwe masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye huonekana kama hajali anapoitwa. Anzia kliniki ya karibu na uombe rufaa ya Hospitali ya Mkoa, Bombo. Nenda na daftari ulilogawa sehemu tatu: maneno anayoyatamka mwenyewe, vitu anavyovitambua ukivitaja, na maswali anayoyajibu bila kuona kitu. Hiyo sehemu ya tatu mtaalamu aione hata kama haina kitu, ndiyo itakayomwonyesha pa kuanzia.