Umeme wa ziada hauzuii gridi kuanguka

Kuna ujumbe unaorudi kwenye magrupu kila umeme unapokatika nchi nzima: mitambo inazalisha umeme kuliko mahitaji, kwa hiyo gridi (mtandao wa laini zinazounganisha mitambo na watumiaji) haiwezi kuanguka yenyewe, lazima kuna mtu kaizima. Hoja hiyo si sahihi.

Uwezo wa mitambo ni jambo moja, usalama wa gridi ni jingine. Wataalamu huiga kwenye kompyuta kupotea ghafla kwa laini moja, transfoma au mtambo mkubwa, kisha huangalia kama vilivyobaki vitabeba mzigo, na kama volteji na masafa, yaani kasi ya mitetemo ya umeme kwa sekunde (hezi 50, kwingine 60), vitabaki imara. Laini ikikatika, umeme wake huhamia nyingine papo hapo. Hizo zikizidiwa, vifaa vya kinga huzikata nazo, na mkatiko unaweza kuenea hadi gridi ikaanguka. Tarehe 14 Agosti 2003, watu wapatao milioni 50 walikosa umeme Marekani na Kanada, baada ya laini kadhaa za Ohio kugusa miti. Mitambo ya kuzalisha umeme ilikuwepo.

Mkanganyiko unaeleweka, kwani megawati, yaani kipimo cha uwezo wa mitambo, ndizo zinazotangazwa zaidi. Ukitaka kuhakiki, soma ripoti ya uchunguzi uone kifaa kipi kilikatika kwanza na kipi kikafuata. Kabla ya hapo, tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Unatuhumu watu bila ushahidi.