Damu peke yake haimtoshi kiroboto wa sungura
Wengi huamini kiroboto yeyote akishiba damu, hutaga. Kwa kiroboto wa paka ni kweli. Kwa yule wa sungura wa Ulaya sivyo kabisa: jike hunyonya na kunyonya, mayai yasikomae. Mwaka 1964, nchini Uingereza, watafiti Miriam Rothschild na Bob Ford walionyesha kuwa anasubiri homoni za sungura mwenyewe. Siku 10 hivi za mwisho wa mimba, kotisoli, mojawapo ya homoni hizo, ikipanda damuni mwa sungura, mayai ya kiroboto nayo huanza kukomaa. Mdudu kufuata mimba ya mnyama mwingine! Mimi hustaajabu kila nikilifikiria. Watoto wakizaliwa, viroboto huwahamia, hujamiiana na kutaga humo kiotani, ambamo mabuu hula kinyesi chenye damu cha viroboto wazima.