Kumbukumbu ya misuli haiko kwenye misuli

Jumapili shemeji yangu kalitaja tena neno lake, "kumbukumbu ya misuli". Tumekaa tunakula, naye anamlalamikia binti yake wa miaka 15 mwenye ADHD, hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutuliza umakini: "Huyu mtoto hana kumbukumbu ya misuli kabisa. Kazi ya mikono ataiwezea wapi?" Alisema hayo mdomo umejaa chapati aliyoisukuma mtoto huyohuyo.

Tuanze na maana. Anachokiita kumbukumbu ya misuli, jina lake la kitaalamu ni kumbukumbu ya utendaji, ile inayohifadhi namna ya kufanya jambo, kama kuendesha baiskeli, kufunga kamba za viatu au kuchapa bila kutazama herufi, mpaka mwili ulifanye wenyewe na akili iwe kwingine. Mji mkuu wa Burundi ni upi, au jana ulikula nini, hayo yanatunzwa na kumbukumbu nyingine, ile ya maelezo. Basi, maana yenyewe ndiyo hiyo.

Kinachonikera ni hiyo "misuli". Vua kiatu, uandike saini yako mchangani kwa kidole gumba cha mguu. Itapindapinda, lakini utaitambua kuwa ni yako. Misuli ya mguu ilijifunza lini kuweka saini? Haikujifunza. Umbo la saini liko kwenye ubongo, na misuli hupokea amri tu. (Wanyanyua vyuma wakisema "kumbukumbu ya misuli" wana maana nyingine, kwamba msuli uliowahi kujengwa hurudi haraka baada ya mapumziko. Hao niwaache na lao.)

Na hata neno "kumbukumbu" linatupotosha kidogo. Ukikumbuka kitu, kinakujia akilini, unaweza kumsimulia mtu. Ujuzi wa mikono haukujii hivyo. Mwulize fundi cherehani anavyopindisha kona ya kola, atakwambia, "Lete kitambaa nikuonyeshe." Kiswahili kina neno linaloukaribia zaidi ujuzi huo, nalo ni kuzoea. Kutokana na zoea tunapata mazoea. Ukimfanya mtu azoee umemzoeza, na hapo ndipo lilipotoka zoezi. Kocha anayepiga kelele "mazoezi!" anadai mazoea bila kujua kwamba ametaja mama na mtoto. Tazama pia kitenzi kujua. "Najua kuogelea" na "najua kwamba bahari ina chumvi" ni kitenzi kimoja, ila hilo "kwamba" katikati ndilo mpaka wenyewe. La kwanza unalionyesha majini, la pili unaweza kulisema ukiwa Dodoma.

Mpaka huo si wa sarufi tu. Mwaka 1953, kule Hartford, Marekani, Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, akaondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, inayosaidia kuunda kumbukumbu mpya. Tangu hapo hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Kazi hiyo inaudhi, mkono unakwenda kinyume na unavyotaka. Kwa siku tatu Molaison alizidi kuwa hodari, ilhali kila siku alidai hajawahi kuiona kazi hiyo. Mkono ulikuwa umezoea, mwenyewe hana habari.

Sasa ADHD. Mazoea ya namna hii hutegemea sana striatamu, iliyo ndani kabisa ya ubongo, pamoja na ubongo mdogo wa kisogoni. Striatamu hutumia dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, na dopamini hutajwa sana kwenye ADHD, kwa hiyo watafiti walikuwa na haki ya kushuku. Walipopima, matokeo hayakukubaliana. Kuna vipimo vilivyoonyesha tofauti katika kuanza kujifunza au katika ujuzi unavyotulia baadaye, na kuna vilivyokuta wenye ADHD wanajifunza kama wengine. Kutoka hapo mpaka "hana kabisa" ni mbali mno.

Kinachojulikana vizuri zaidi ni kwamba wengi wenye ADHD hupata shida kwenye kumbukumbu ya kazi, ile inayoshika hatua mbili tatu kwa wakati mmoja unapozitumia. Na ujuzi wowote, kabla haujawa mazoea, hupitia hapo: kanyaga klachi, ingiza gia, achia polepole, tazama kioo. Mwanafunzi akipotewa na hatua ya tatu, au akichoshwa na marudio ya kumi na mbili, mkono haupati nafasi ya kuzoea.

Turudi kwenye chapati za Jumapili. Zilikuwa duara, nyembamba, zinachambuka tabaka kwa tabaka. Mpwa wangu alizisukuma huku akinisimulia mambo ya shule, wala hakutazama kibao. Ila hazikuwa na chumvi hata chembe. Kusukuma ni mazoea. Kutia chumvi kunataka ukumbuke, kwa wakati wake, jambo ambalo mkono haukudai.

Kwa hiyo, shemeji, kama lazima useme mtoto husahau, sema husahau chumvi. Dada yangu alishaliona hilo. Siku hizi kopo la chumvi analiweka ndani ya ndoo ya unga, juu kabisa, hata kikombe cha kuchotea hakipiti bila kuligonga. Jumapili hiyo shemeji alikuwa amelitoa, eti anapanga jiko.