Riwaya ya upelelezi ni nini hasa?

Mtegee mtoto kitendawili: "Nyumba yangu haina mlango." Atahangaika, atataja hiki na kile, mwisho akupe mji. Ukimwambia ni yai, anaruka: kumbe! Jibu alikuwa nalo tangu mwanzo, ila hakuliona.

Riwaya ya upelelezi ni mchezo huohuo uliorefushwa. Kuna uhalifu, mara nyingi mauaji, kuna anayeuchunguza, na kuna dalili ambazo msomaji anaonyeshwa kama anavyoonyeshwa mpelelezi. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mwandishi anayeficha jambo muhimu mpaka ukurasa wa mwisho hajakutega, amekupunja.

Wengi huichanganya na riwaya ya ujasusi. Ukimsoma jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba, roho iko juu kutaka kujua kama atatoka salama. Kwenye upelelezi aliyekufa ameshakufa. Tunachotafuta ni nani kamuua, na kwa njia gani.

Chanzo chake kwa kawaida huhesabiwa kuwa hadithi fupi ya Mmarekani Edgar Allan Poe ya mwaka 1841, ingawa mambo yenyewe yanatokea Paris. Mama na bintiye wameuawa ndani ya chumba kilichofungwa. Majirani waliokimbilia pale walisikia sauti mbili, moja ya Mfaransa, ya pili nyembamba na kali. Sasa sikiliza ushahidi kuhusu hiyo ya pili. Mwingereza anasema ilikuwa ya Mjerumani, naye Kijerumani hakijui. Mhispania anasema ya Mwingereza, naye Kiingereza hakijui. Mwitaliano anasema ya Mrusi, na hajawahi kuzungumza na Mrusi hata siku moja. Polisi wanaona vurugu tupu. Dupin, mpelelezi wa Poe, anaona kitu kimoja: kila shahidi anaitaja lugha asiyoijua. Jibu silitoi, japo hadithi ina zaidi ya miaka 180. Dalili umeshapewa.

Na London, ambayo leo ukitaja upelelezi ndiyo inayokuja kichwani kwanza, ilipata kitengo chake cha polisi wapelelezi mwaka 1842. Mpelelezi wa kubuni aliwatangulia. Sherlock Holmes alikuja 1887, pamoja na Watson, rafiki anayeona yote anayoyaona Holmes lakini haelewi. Huyo Watson ni mimi na wewe.

Kwa Kiswahili mchezo huu uliletwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. "Mzimu wa Watu wa Kale" ilitoka kitabu mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko kama Holmes, na ana Najum kama Watson, kwa hiyo wako wanaosema ni kuiga tu. Sikubali. Tazama kosa wanalofanya watu wa pembeni katika hadithi hizi mbili, ya Poe na ya Abdulla. Mashahidi wa Paris, wakisikia wasichokielewa, wanamsingizia mgeni. Kwa Abdulla, maiti ikionekana penye mzimu, wa kusingiziwa yuko tayari, wala hana haja ya kuhojiwa. Bwana Msa anawaacha wazee wa kale wapumzike, anaanza kuwauliza walio hai.