Kichaa cha mbwa: kinga ya mtu inaanzia kwa bwana mifugo

Karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, 99 kati ya 100, chanzo chake ni mbwa. Ndiyo maana chanjo ya mbwa ni huduma ya afya ya watu, ingawa wengi bado wanaiona kama kazi ya mifugo tu. Hizi hapa kauli zinazosikika mara nyingi, na majibu yake.

“Dawa ni kuwaua mbwa koko.”
Hapana. Wanaobaki huzaana, wengine huingia kutoka mtaa wa pili, na wenye mbwa huwaficha wasiuawe, kumbe hao ndio wangechanjwa. Kinachokata maambukizi ni kuchanja mbwa wasiopungua asilimia 70, tena kila mwaka, kwa sababu mbwa hufa mapema na watoto huzaliwa kila mara, hivyo kiwango cha kinga hushuka haraka. Pemba iliutokomeza ugonjwa huu mwaka 2014 kwa chanjo. Ukarudi mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, mbwa wakachanjwa upya, na mwaka 2018 ukatoweka tena. Na vitoto vya mbwa visirudishwe nyumbani bila kuchanjwa siku ya chanjo: chanjo ni salama hata kwa walio chini ya miezi mitatu, na bila wao asilimia 70 haifikiki.

“Mwenye kichaa lazima awe mkali.”
Wapo wanaopooza kimyakimya. Taya linalegea, mate yanachuruzika, mbwa anashindwa kumeza. Mwenye mbwa anadhani kuna mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono mdomoni kuutoa. Usifanye hivyo kamwe: virusi vimo kwenye mate, na mchubuko mdogo wa kidole unatosha kuvipitisha.

“Paka pilipili au mafuta ya taa, kidonda chenyewe kidogo.”
Vitu hivyo huumiza nyama na kupoteza muda. Uking'atwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha paka ayodini na uende hospitali siku hiyohiyo. Kama meno yametoboa ngozi, uliza pia imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari, inayochomwa ndani na kuzunguka kidonda. Kidonda kisishonwe kabla yake.

“Ni sindano 21 za tumboni.”
Hizo zilikuwa za chanjo ya zamani. Siku hizi huchomwa mkononi. Ratiba fupi ya Shirika la Afya Duniani ni siku ya 0 (ya sindano ya kwanza), 3 na 7, ndani ya ngozi, sehemu mbili kila siku.

“Tumwangalie mbwa kwanza.”
Mwangalie siku 10, lakini sindano zianze leo. Akiwa mzima baada ya hapo, daktari anaweza kuzisitisha. Dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa akifa, usimzike wala usimguse kwa mikono mitupu. Mwite afisa mifugo achukue sampuli ya ubongo kwa maabara. Aliyeng'atwa aendelee na sindano bila kusubiri majibu.